Mishipa ya Miguu Inapovimba

Bila shaka umewahi kuona mtu ambaye mishipa ya miguu yake imevimba na kujipinda chini ya ngozi kama kamba. Wengi husema ni uzee tu, na wengine hudai amerogwa. Huu ni ugonjwa wa mishipa ya damu. Usipoangaliwa, unaweza kuleta kidonda cha miaka mingi.

Unatokeaje?

Moyo husukuma damu hadi miguuni kwa mishipa iitwayo ateri. Damu hurudi kwenye moyo kwa mishipa mingine iitwayo vena. Safari hii ya kurudi ni ngumu kwa sababu damu inapanda juu. Husaidiwa na misuli ya shavu la mguu, ambayo huikamua vena kila tunapopiga hatua. Tena ndani ya vena mna vali, yaani milango midogo inayoruhusu damu kupanda tu. Vali zikilegea, damu huteremka na kutuama, na vena hutanuka na kujipinda.

Nani hupatwa zaidi?

Ugonjwa huu mara nyingi hufuata ukoo. Huwapata zaidi akina mama, hasa waliozaa mara nyingi, watu wanene na wenye umri mkubwa. Wanaosimama muda mrefu, kama walimu, wapishi, vinyozi na walinzi, nao wamo hatarini. Mishipa inayovimba wakati wa mimba mara nyingi hupungua miezi kadhaa baada ya kujifungua.

Dalili zake

Miguu huwa mizito na kuuma jioni, vifundo huvimba, na usiku misuli hukaza. Baadaye ngozi ya juu ya kifundo, upande wa ndani, huwasha, huwa nyeusi na ngumu. Hiyo ni alama ya hatari, kwani hapo ndipo kidonda hufunguka, hata kwa kujikwaruza kidogo. Kidonda hiki hakiponi kwa kumwagiwa unga wa vidonge. Chanzo chake ni damu iliyotuama, hivyo pamoja na kusafishwa, mguu hufungwa bendeji ya kubana.

Ufanye nini?

1. Tembea kila siku. Ukilazimika kusimama, inua visigino mara kwa mara ili misuli ifanye kazi.
2. Ukipumzika, lala na uinue miguu ipite usawa wa moyo.
3. Punguza unene.
4. Soksi za kubana huvaliwa asubuhi kabla ya kushuka kitandani. Muone daktari kwanza, hasa kama una kisukari, kwani mguu usiopata damu ya kutosha huweza kudhurika.
5. Usichanjwe chale juu ya mishipa hiyo.

Pale inapobidi, daktari bingwa huweza kuiziba au kuiondoa mishipa iliyoharibika. Damu hupita katika vena nyingine zilizo nzima.

Mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, usikandwe. Huenda damu imeganda ndani, na bonge likisafiri hadi mapafuni huweza kuua. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mshipa ukipasuka

Damu hutoka nyingi, na mtu anaweza kufa akiwa amesimama au ameketi huku wenzake wakitafuta gari. Mlaze chini mara moja, inua mguu wake juu kupita kifua, na ubonyeze kwa nguvu kwa kitambaa safi kwa dakika 10 bila kuchungulia. Usifunge kamba juu ya jeraha. Damu ikikatika, mfunge bendeji na mpeleke hospitali akiwa amelala. Isipokatika, endelea kubonyeza hadi mfike.

Tunapowatembelea wagonjwa katika jumuiya zetu ndogo ndogo, mwenye kidonda cha mguu asiambiwe kwamba amerogwa. Tumsindikize zahanati, na tuwafundishe watu wa nyumbani kwake namna ya kuzuia damu.