Kahawa Inalimwa Kivu, Inanywewa Kwingine

Ukikaribishwa asubuhi katika nyumba ya mtaa wa Nguba, Bukavu, mara nyingi utawekewa chai ya maziwa na mandazi. Ukiomba kahawa, usishangae kuletewa chupa ya maji ya moto na kipakiti cha unga unaoyeyuka, uliotoka ng'ambo. Na huku Idjwi na Kalehe, mwendo wa boti tu kwenye Ziwa Kivu, arabika imejaa milimani.

Unguja mambo ni kinyume. Kisiwa hakina mashamba ya kahawa ya kutajika, buni hutoka bara. Lakini nenda Jaws Corner, Mji Mkongwe, jua likishapoa: dele liko juu ya makaa, kahawa chungu inamiminwa katika vikombe vidogo visivyo na mkono, kashata pembeni, na wazee wanabishana siasa na mpira. Bei ni ndogo kiasi kwamba hata asiye na kazi humnunulia mwenzake. Wasweden nao hawalimi hata punje, ila mapumziko yao ya kahawa, fika, ni sehemu ya siku ya kazi.

Basi je, mkulima hanywi anacholima? Ethiopia inakanusha: karibu nusu ya mavuno yake huishia humo humo nchini. Wahaya wa Bukoba walimpa mgeni buni za kuchemshwa azitafune kabla ya maongezi. Huko kahawa ilizoeleka nyumbani kabla mnunuzi wa kigeni hajabisha hodi. Kivu, kahawa ilikuja na Wabelgiji, ikiwa zao la fedha, na hadi leo mkulima huiona kama ada ya shule ya watoto. Miaka ya vita mashariki mwa Kongo, masoko yalipovurugika, watu walivusha magunia usiku kwa mitumbwi hadi Rwanda, na wengi walizama. Ushirika kama SOPACDI na Muungano, huko Kalehe, umeleta usindikaji bora na wanunuzi wa Ulaya na Marekani. Ni hatua kubwa, ila buni bado zinaondoka mbichi, zinakaangwa huko ng'ambo.

Ili kahawa inywewe hapa, wengine wanaweka matumaini kwenye mikahawa ya kisasa. Mimi nina shaka, kwani bei zake ni za wenye mishahara ya dola. Afadhali mama anayeuza chai kando ya barabara: jiko analo, sukari anayo, wateja wamemzoea. Anachokosa ni kahawa ya Kalehe iliyokaangwa na kusagwa hapa hapa Bukavu, kwa bei itakayomwezesha kuuza kikombe sawa na cha chai.