Nyumba ya vioo ya Illinois: Aliyeigharimia siye aliyevuna

MWAKA 1951 ilikamilika huko Plano, katika jimbo la Illinois nchini Marekani, nyumba ya mapumziko yenye chumba kimoja tu kikubwa. Mwenye nyumba alitumia takriban dola 74,000, akaishia mahakamani na msanifu wake. Desemba 12, 2003 nyumba hiyo hiyo ilipigwa mnada mjini New York, na mnunuzi akalipa dola milioni 7.5, ada ya mnada ikiwamo.

Kwa haraka mtu atasema hiyo ni biashara nzuri. Lakini ukifuatilia hesabu zake tangu siku ya kwanza, utaona kuwa faida haikwenda kwa yule aliyetoa mtaji. Habari hii ina la kumfundisha kila anayetaka kuweka fedha zake katika jengo.

Mteja na fundi wake

Mwenye nyumba alikuwa Dk. Edith Farnsworth, mtaalamu wa magonjwa ya figo aliyekuwa na kazi nzuri mjini Chicago. Alikuwa na kiwanja cha ekari kama tisa kando ya Mto Fox, chini ya kilomita 100 kutoka mjini. Mwaka 1945, katika karamu ya chakula cha jioni, alikutana na msanifu majengo Ludwig Mies van der Rohe, akamweleza nia yake ya kujenga nyumba ya kupumzikia mwisho wa juma.

Mies hakuwa fundi wa kubahatisha. Alizaliwa Aachen, Ujerumani, mwaka 1886, na aliongoza shule maarufu ya Bauhaus kabla haijafungwa mwaka 1933. Alihamia Chicago mwaka 1938. Msimamo wake ulijulikana: chuma na kioo, bila mapambo, kila kiungo kionekane kinafanya kazi gani. Mfano mdogo wa nyumba hii ulionyeshwa katika Jumba la Sanaa za Kisasa la New York mwaka 1947, miaka miwili kabla ujenzi haujaanza. Msanifu mwingine, Philip Johnson, aliuona mchoro, akajijengea nyumba yake ya vioo huko Connecticut na kuimaliza mwaka 1949. Wazo la Dk. Farnsworth lilitumiwa na mwingine kabla yeye hajakabidhiwa ufunguo.

Jengo lenyewe

Nyumba ina urefu wa meta 23 na nusu hivi na upana wa meta nane na nusu. Paa na sakafu vimeshikwa na nguzo nane za chuma zilizopakwa rangi nyeupe, nne kila upande. Nguzo zimeunganishwa kwa kuchomelea kwa ustadi hata hakuna bolti inayoonekana. Kuta zote za nje ni vioo, toka sakafuni hadi darini. Sakafu ni ya mawe ya travatini, na mbele kuna baraza pana la mawe hayo hayo, lililo chini kidogo ya sakafu ya nyumba.

Ndani hakuna vyumba. Katikati kuna kizimba cha mbao za primavera kilichobeba bafu mbili, jiko na mahali pa kuotea moto. Kizimba hicho ndicho kinachotenga sehemu ya kulala, ya kupikia na ya kukaa.

Kwa kuwa kiwanja kiko bondeni, nyumba nzima iliinuliwa meta 1.6 hivi kutoka ardhini. Ukiitazama kwa mbali, ni kama imesimama hewani. Hesabu ya kimo hicho ndiyo iliyokuja kuleta hasara, kama tutakavyoona.

Gharama zapanda

Ujenzi ulianza mwaka 1949. Makadirio yaliyokubaliwa yalikuwa dola 58,400. Juni 1950 vita vya Korea vikaanza na bei za vifaa zikapanda. Mwishowe matumizi yakafika dola 74,000 hivi, ongezeko la zaidi ya robo ya makadirio.

Ongezeko la namna hiyo hutokea popote penye ujenzi. Tatizo kubwa lilikuwa katika makubaliano. Pande hizi mbili hazikuwa na mkataba wa maandishi kuhusu ada ya msanifu. Tena ofisi ya Mies ndiyo iliyochora ramani, na hiyo hiyo ndiyo iliyosimamia ujenzi kama mkandarasi mkuu. Hapakuwa na mtu wa tatu wa kukagua matumizi kwa niaba ya mwenye fedha. Kazi ilikwenda kwa kuaminiana, na imani ilipokwisha hapakubaki karatasi ya kurejea.

Mwaka 1951 Mies alifungua kesi akidai fedha zake. Dk. Farnsworth naye akafungua madai dhidi yake, akisema gharama zilizidi na kazi ilikuwa na kasoro. Mwaka 1953 msimamizi aliyeteuliwa na mahakama kusikiliza shauri alimpa ushindi Mies. Baadaye walimalizana kwa suluhu.

Mwaka huo huo gazeti la House Beautiful liliushambulia mtindo huo wa ujenzi, na Dk. Farnsworth akatoa malalamiko yake hadharani. Nyumba ilikuwa na joto kali kiangazi, kwa kuwa madirisha ya kufunguka ni mawili tu, madogo. Majira ya baridi vioo vilitiririka maji. Usiku taa zilivuta wadudu. Hata mahali pa kuweka ndoo ya taka palikuwa mashaka, maana kila kitu kilionekana toka nje. Hata hivyo aliendelea kuitumia kwa takriban miaka 20.

Mto nao wadai chake

Mwaka 1954 Mto Fox ulifurika na maji yakaingia ndani kupita meta moja juu ya sakafu. Kisha, mwishoni mwa miaka ya 1960, serikali ya wilaya ilitwaa sehemu ya kiwanja kwa ajili ya barabara na daraja jipya. Dk. Farnsworth alipinga mahakamani, akashindwa. Mwaka 1972 nyumba ikawa mali ya Peter Palumbo, mwendelezaji wa majengo kutoka Uingereza. Dk. Farnsworth alihamia Italia, akafariki huko mwaka 1977.

Palumbo aliongeza ardhi, akamwajiri Dirk Lohan, mjukuu wa Mies, kuikarabati nyumba. Mwaka 1996 mafuriko yalirudi kwa nguvu zaidi, yakavunja vioo na kuharibu mbao za ndani, ikabidi matengenezo makubwa yafanywe upya. Mwaka 2008 maji yaliingia tena, wakati huo chini ya wamiliki wengine.

Mnada wa 2003

Wamiliki hao ni shirika la kitaifa la kuhifadhi majengo ya kihistoria la Marekani, ambalo kwa kushirikiana na shirika la hifadhi la Illinois lilichangisha fedha kwa haraka na kushinda mnada wa Sotheby's. Hofu yao ilikuwa kwamba tajiri angeinunua, aifungue vipande na kuihamisha. Leo ni jumba la makumbusho, na tangu mwaka 2021 linaitwa rasmi kwa jina kamili la Edith Farnsworth.

Sasa tupige hesabu. Kutoka dola 74,000 hadi milioni 7.5 ni mara 101 katika miaka 52, yaani ukuaji wa asilimia 9.3 hivi kwa mwaka. Ukiondoa mfumko wa bei, inabaki kama asilimia tano. Na hapo hujatoa thamani ya ardhi iliyoongezwa, ukarabati wa mara kwa mara wala bima. Katika kipindi hicho hicho, hisa za kampuni 500 za fahirisi ya S&P, gawio likirudishwa kununua hisa nyingine, zilikuza mtaji kwa kasi zaidi, wala hazikuhitaji kukaushwa baada ya mafuriko.

Kilichopandisha bei ya nyumba hii ni jina la Mies na kuwa hakuna nyingine kama hiyo. Jina halimlipi mjenzi wa kwanza. Huchukua miongo kukomaa, na hulipa yule aliyepo wakati huo.

Kwa msomaji mwenye kiwanja na akiba kidogo, mambo matatu yanabaki. Ada na kiwango cha juu cha gharama viandikwe na kutiwa saini kabla msingi haujachimbwa. Anayechora asiwe peke yake anayeshika mfuko na kujikagua. Na kabla ya kuuliza bei ya saruji, uliza maji yalifika wapi mvua ilipokuwa kubwa kuliko zote, kisha jenga juu zaidi ya hapo au tafuta kiwanja kingine.