UKITUNDIKIWA MAJI, UANGALIE MKONO

Wengi wetu tukilazwa hospitali hufurahi tunapotundikiwa chupa ya maji. Wengine humwomba mganga kabisa, wakiamini kuwa chupa ile huongeza damu. Sivyo. Ndani yake mna maji yenye chumvi au sukari. Mgonjwa anayeweza kunywa bila kutapika, kwa kawaida humtosha kunywa.

Maji hayo hupita katika mrija mwembamba wa plastiki. Muuguzi huuingiza mshipani kwa sindano, kisha sindano hutolewa, mrija ukabaki. Uchunguzi wa hospitali za nchi mbalimbali umeonyesha kuwa katika kila mirija 10, kama 3 hadi 5 huharibika kabla matibabu hayajaisha. Basi usikimbilie kumlaumu muuguzi, mwite.

Mwite lini? Mshipa ukiuma, ukiwa na joto na mgumu kama kamba. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo gusa. Mwite pia mkono ukifura na kuwa baridi: mrija umetoka mshipani, na maji yanamwagika chini ya ngozi. Dawa nyingine zikimwagika hivyo huunguza nyama. Vijidudu kuingia katika damu ni nadra, hata mgonjwa 1 kati ya 100 hafiki, lakini huweza kuua. Homa mpya na kutetemeka visingoje asubuhi.

Kuna jambo jingine, na hili hufanywa na sisi jamaa wa mgonjwa. Tunaona maji yanadondoka polepole, tunafungulia kile kigurudumu ili chupa iishe upesi. Ni hatari kubwa. Mwaka 2011 yalitolewa matokeo ya uchunguzi wa watoto zaidi ya 3,000 wa Kenya, Uganda na Tanzania, waliokuwa mahututi kwa homa. Kati ya waliopewa maji mengi kwa haraka, karibu 11 katika kila 100 walikufa ndani ya saa 48. Kati ya wasioharakishiwa walikufa 7. Kigurudumu kile usikiguse.

Mama mwenye mtoto mchanga, yeye hawezi kukuambia panapouma. Fungua khanga mara kwa mara, linganisha mikono yake miwili. Na siku ya kuruhusiwa, msiondoke wodini mrija ukiwa bado mkononi.