Martínez angefaa kwenye pool ya Katoro

DESEMBA 18, 2022, pale Lusail, Qatar, kipa wa Argentina, Emiliano Martínez, alishika mpira wa penalti. Badala ya kumpa Aurélien Tchouaméni, akautupa pembeni. Mfaransa akaufuata, akarudi nao, akapiga nje. Argentina ikabeba Kombe la Dunia kwa penalti 4-2.

Ukimleta Martínez Katoro, mkoani Geita, jioni moja, hakuna atakayemshangaa. Wanaocheza pool kwenye baa wana mbinu hizo zote, na nyingine za kumfundisha.

Mtu ameshainama, amebakiza mpira mweusi tu. Mpinzani wake anakwenda kusimama nyuma kabisa ya shimo linalolengwa, anajikuna tumbo. Mwingine anapaka fimbo yake chaki kwa fujo kama anapiga mswaki. Yupo anayegonga kitako cha fimbo sakafuni kila mkono wa mwenzake unaporudi nyuma. Mbaya kuliko wote ni yule anayesifia: "Kaka, hiyo huwezi kukosa, hata mama yangu anaweka." Ukikosa, baa nzima inalipuka.

Hapo hujahesabu runinga. Siku ya Simba na Yanga, mpigaji anaweza kuwa tayari kabisa, nusu ya baa ikaruka na kelele za goli. Hilo si kosa la mpinzani. Wastaarabu humwacha mtu anyanyuke, apumue, aanze upya.

Mezani pana kitu, ndiyo maana inauma. Hata bila dau, aliyefungwa analipia mchezo na kurudi mwisho wa foleni, mshindi anabaki. Sasa weka dau, halafu mweke mchimbaji mdogo aliyetoka duarani Rwamgasa au Nyarugusu akiwa na mgawo wake mfukoni. Mpira mmoja uliokoswa kwa sababu ya kikohozi cha makusudi unatosha kuanzisha ugomvi, na bahati mbaya kila mgomvi tayari ameshika fimbo.

Watetezi wanasema huo ni utani tu, ndiyo utamu wenyewe. Usukumani hoja hiyo ina mizizi. Kwenye mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu, yaliyoanza karne ya 19, pande mbili hucheza kwa wakati mmoja na mshindi ni mwenye umati mkubwa. Leta nyoka, leta mbwembwe, ilimradi watazamaji wa mwenzako wahamie kwako. Lakini pale wote wanacheza, kila mmoja ana nafasi ya kujibu. Kwenye pool anacheza mmoja. Aliyeinama hana cha kujibu, na utani wa upande mmoja ni uonevu. Mpige maneno anapozunguka meza akitafuta mpira, sawa. Akishainama, funga mdomo.

Kanuni za shirikisho la dunia la mchezo huo, WPA, haziachi mwanya. Kumvuruga mpinzani kwa makusudi ni mwenendo usio wa kimichezo, na mwamuzi anaweza kutoa onyo, kukupokonya mchezo, hata kukutoa mashindanoni na kukunyima zawadi.

Soka nalo halikumwacha Martínez. Kuanzia Julai 2023, IFAB iliandika wazi kuwa kipa asimvuruge mpigaji penalti isivyo haki, kwa mfano kwa kuchelewesha pigo au kugusa nguzo, mtambaa panya na nyavu. Mashabiki wa Stand United wakizomea pale Kambarage, Shinyanga, refa hana la kuwafanya. Mchezaji akimvuruga mpinzani kwa maneno, hiyo ni kadi ya njano.

Baa haina refa wala kadi. Dawa ya wazoefu ni moja, na haigombanishi mtu. Ukisikia kelele, nyanyuka. Usimtazame aliyepiga kelele, usiseme kitu. Paka chaki taratibu, subiri mpaka walio pembeni waanze kumnyamazisha wao wenyewe, maana foleni ni ndefu na kila mtu anataka zamu yake.

Kazi inakuja mchezaji wa baa anapokwenda kwenye mashindano ya kanuni hizo. Kule asiyepiga anatakiwa kukaa kwenye kiti chake mpaka zamu yake ifike, na hata kwenda msalani anaomba ruhusa. Kwa aliyezoea kuzunguka meza na bia mkononi, kiti hicho ni kigumu kuliko mpira mweusi.