Ekzosi Huoza kwa Ndani

Pikipiki nyingi ninazoletewa hapa kijiweni kwangu Janga zina injini ya muundo wa CG125, ambao Honda waliuanza mwaka 1976 na viwanda vya China vikauiga. Injini hiyo haina makuu. Ibadilishie oili kwa wakati, itadumu. Kinachotangulia kufa ni ekzosi.

Wenyewe hulaumu mvua na tope. Lakini kutu mbaya huanzia ndani. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa mvuke ambao ukipoa ni maji yanayokaribia lita nzima. Pikipiki inayokwenda mwendo mrefu, tuseme mpaka Dar es Salaam, ekzosi hupata moto na mvuke ukaisha. Ya bodaboda wa kushusha abiria stendi ya Mlandizi, akazima, akawasha, akazima tena, haiupati moto huo. Maji yanatuama chini, yanakula bati. Ndiyo maana ekzosi nyingi zina kitundu kidogo upande wa chini, na inaniuma kila nikikuta kimechomelewa kwa kudhaniwa ni tundu la kutu. Jamani, kiacheni.

Ukienda Kariakoo kununua nyingine, beba ile ya zamani. Linganisha urefu, tundu la boliti ya nyuma, na pale bomba linapopita karibu na pedeli ya breki.

Kufungua ndiko kunakotaka subira. Bomba limebanwa na nati mbili kwenye stadi zilizozama ndani ya silinda hedi ya aluminiamu, na joto la miaka limezigandisha. Anayeng'ang'ania spana huvunja stadi, kazi ya muda mfupi ikageuka ya kutoboa kwa drili na kuchonga meno upya. Mimi hutia mafuta ya kulegeza kutu jioni, nikaiacha ilale. Asubuhi nagusa kwa kukaza kidogo kwanza, ndipo nalegeza.

Gasketi iwe mpya, siku zote. Ikivuja, unapoachia mafuta mteremkoni hewa ya nje huvutwa ndani na ekzosi hulipuka pa! pa! Kisha nati na boliti zote nazifunga kwa vidole tu, mbele na nyuma. Tundu la nyuma lisipokaa sawa, sivuti kwa nguvu: nalipanua au naongeza washa, kwa sababu ekzosi iliyolazimishwa hupasuka kwenye maungio ikikutana na mashimo ya barabara zetu. Nakaza mbele kwa zamu, nati hii kidogo, ile kidogo, nyuma mwisho. Naifuta alama za grisi kabla ya kuwasha, maana zikiungua hazitoki. Ikipata moto na kupoa, nakaza tena.

Vijana huniomba nitoe vyuma vya ndani ili ingurume. Nakataa. Wagonjwa na watoto wachanga wanahitaji kulala, na injini nayo inaumia: moshi ukitoka kwa urahisi kupita kiasi, hewa huzidi petroli. Hata kwa ekzosi mpya ya kawaida, baada ya siku chache fungua plagi uitazame. Ya kahawia ni salama. Ikiwa nyeupe kama chokaa, rudi kwa fundi akuwekee jeti kubwa kwenye kabureta kabla valvu haijaungua.