Taji la binti, sahani na mkorogo

Binti wa Kihesa akivishwa taji la Miss Iringa, macho yote huhamia Miss Tanzania. Mzazi, usitazame gauni tu, tazama na sahani. Akiruka milo na kunywa dawa za kuharisha ili kiuno kipungue, kinachomtoka ni maji na chumvi, si mafuta. Chumvi hizo zikipungua sana, mapigo ya moyo huvurugika. Hedhi ikikosekana miezi 3, au akizimia mazoezini, mpeleke hospitali, hata kama jukwaa ni kesho. Ugali kiasi, maharage, mboga na parachichi havijamnyima mtu taji.

Kinachonitisha zaidi ni mkorogo. Zebaki huharibu figo. Krimu zenye steroidi huifanya ngozi kuwa nyembamba na kuacha michirizi isiyofutika, na kwa jua la Iringa ngozi iliyochubuliwa huungua upesi. Tena haina faida: Flaviana Matata alipanda jukwaa la Miss Universe 2007 na weusi wake na kipara, akaingia 10 bora.

Kama ameshapaka kwa miezi, aende kwa daktari wa ngozi na kopo lenyewe. Steroidi zikiachwa ghafla, ngozi huweza kuwaka upya.