Masharti ya Ngorongoro Yasibadilishwe Gizani

Msafiri atokaye Arusha kwenda Ngorongoro hana budi kupita Karatu, na akisimama sokoni atayaona malori yakipakia mahindi. Mengi ya mahindi hayo hupanda mlima, yakapita lango la Lodoare, yakaenda kwa wafugaji ambao sheria imewakataza kulima huko waliko. Mfugaji huuza mbuzi ili anunue unga. Gunia hilo lina historia ndefu, nayo ndiyo tunayotaka kuizungumza leo: historia ya kibali ambacho watu wamekijengea maisha yao, na jinsi masharti yake yanavyobadilishwa.

Mwaka 1958 wazee wa Kimaasai walitia saini mapatano ya kuondoka Serengeti ili sehemu hiyo iwe mbuga isiyokaliwa na watu. Mwaka uliofuata, 1959, ilitungwa sheria ya Hifadhi ya Ngorongoro, eneo la zaidi ya kilomita za mraba 8,000, ambamo mwanadamu, mifugo na wanyamapori wataishi pamoja. Gavana wa kikoloni, Sir Richard Turnbull, aliliambia Baraza la Wamaasai kwamba ikitokea mvutano kati ya maslahi ya wanyama na ya watu, ya watu ndiyo yatakayotangulia. Kibali kilikuwa hicho, na ahadi ilikuwa hiyo.

Tangu hapo masharti yamegeuzwa mara kwa mara. Katika miaka ya 1970 watu waliokuwa wakikaa ndani ya kreta waliondolewa, na sheria ya mwaka 1975 ikapiga marufuku kilimo katika hifadhi nzima. Mwaka 1992 njaa ilipobisha hodi, Waziri Mkuu wa wakati huo, Ndugu John Malecela, aliruhusu kilimo kidogo cha kujikimu. Mwaka 2009 ruhusa hiyo ikafungwa. Mwaka 2022 ikaanza safari ya kuhamia Msomera, wilayani Handeni, Serikali ikisema kuwa uhamaji ni wa hiari. Kisha mwezi Agosti 2024 likatoka tangazo la Serikali la kuvifuta vijiji na kata za Ngorongoro. Maelfu ya wananchi walikusanyika barabarani kupinga, na baada ya siku chache Mahakama Kuu ya Arusha ikasimamisha utekelezaji wa tangazo hilo. Februari 2025 Rais aliunda tume mbili, moja kuhusu migogoro ya ardhi na nyingine kuhusu zoezi la uhamaji.

Tusieleweke vibaya. Hatusemi kwamba masharti ya mwaka 1959 ni msahafu usiobadilika. Wakati ule wakazi walikadiriwa kuwa 8,000 hivi. Mwaka 2017 walihesabiwa kuwa zaidi ya 90,000. Msitu wa nyanda za juu kaskazini ndio unaozipatia maji chemchemi na mashamba ya Karatu, na ukikauka watakaolia kwanza ni wakulima wa kahawa na ngano walio chini yake. Tangu mwaka 1979 Ngorongoro imo katika orodha ya urithi wa dunia, na fedha za watalii huingia katika hazina yetu sote. Anayesema pasiguswe kitu hasemi kweli, na anayesema watu ndio adui wa mali hiyo hasemi kweli pia. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake.

Swali letu ni moja: mabadiliko hayo yalipitiwa na nani, na aliyeguswa alisikilizwa lini?

Na tutazame kwa wenzetu waendeshao mitambo ya nyuklia. Huko Marekani, mwenye mtambo akitaka kubadili sharti la leseni yake, hupeleka ombi kwa Tume ya Udhibiti wa Nyuklia na kueleza sababu. Kwa kawaida tume hutangaza ombi hilo hadharani, watu wakapewa siku 30 za kutoa maoni, na mwenye kuona kuwa haki yake itaguswa akapewa siku 60 za kuomba kusikilizwa. Wataalamu hupima, kisha huandika kwa nini wamekubali au wamekataa. Utaratibu huo si mkamilifu, lakini msingi wake ni mwema: kibali kilichotolewa mbele ya watu hakibadilishwi nyuma ya migongo yao. Ikiwa sharti moja la mtambo lastahili heshima hiyo, je, maboma ya watu elfu tisini?

Ndugu zetu wa Visiwani wasidhani kwamba haya ni ya bara peke yake. Wavuvi wa Pemba wanakijua kisiwa cha Misali, ambacho tangu mwaka 1998 ni hifadhi yenye sehemu isiyovuliwa na sehemu inayovuliwa kwa utaratibu. Mvuvi hulishika sharti hilo anapojua sababu yake na anapokuwa na sauti katika kuliweka. Lakini siku mpaka wa maji utakaposogezwa kwa karatasi asiyoiona, atajifunza kuvua usiku. Ngorongoro na Misali ni mbali kwa safari, lakini ni jirani kwa fundisho.

Sisi tulioanzia chuoni kabla ya kuingia shule za Serikali tulifundishwa mapema kwamba kiongozi hushauriana na anaowaongoza, na kwamba shauri huja kabla ya uamuzi. Likija baada yake, hilo si shauri tena, ni taarifa.

Kwa hiyo twatoa rai kwa watumishi wa Serikali wanaohusika. Kila badiliko la sharti litangazwe kwa Kiswahili chepesi, na kwa Kimaasai panapohitajika, vijijini kabla ya mezani. Sababu zake ziandikwe, pamoja na hesabu za malisho, maji na mifugo, ili anayezipinga apinge hesabu wala si uvumi. Mapendekezo ya tume zile mbili yawekwe mikononi mwa wananchi wanaohusika. Na ahadi zilizokwisha tolewa, zikivunjwa, zivunjwe kwa maelezo.

Malori ya mahindi yanaendelea kupanda mlima kutoka Karatu. Anayelisubiri gunia hilo haombi kuwa juu ya sheria. Anaomba ajue kesho sheria itasema nini, na aulizwe kabla haijasema.